Masanduku Mapya ya Pikipiki

Alhamisi, Kianjai

"Umeipika hii miraa, Baba Mwenda!" Ndivyo mnunuzi wa Mikinduri alivyonipokea leo nilipofungua masanduku, na soko zima likacheka.

Na kweli nimeipika. Mifuko yangu ya turubai ilipoungua kwenye bomba la moshi la pikipiki, fundi alinifungia masanduku haya ya plastiki ngumu, yenye vifuniko na kufuli. "Hata mvua haiingii, mzee," akajisifu. Mvua haiingii, lakini hata hewa haiingii. Niliifunga miraa kwa majani mabichi ya mgomba kama kawaida, nikafunika kabisa, jua likamaliza. Kwenye turubai ilikuwa ikipumua njia nzima. Kesho nitatoboa matundu, fundi akasirike akitaka.

Ile mifuko aliishona Kendi, mke wangu, kabla hajaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba. Ubavuni alitia kamfuko kadogo ka chakula changu. Leo njiani mkono ulishuka wenyewe kukatafuta, ukagusa plastiki.

Jioni akapiga simu. Nikamsifia masanduku, ya miraa nikamficha. Akauliza, "Na chakula unaweka wapi sasa?"

Nikamwambia nafasi ni kubwa, asijali. Ningemwambiaje kwamba tangu aondoke kale kamfuko hakajawahi kuwa na kitu, na bado nilikuwa nakapapasa kila siku...