Injini ya Lori la Marehemu Kaka

Mshauri wetu mpendwa,

Nakuomba unisaidie kabla ya Jumapili ijayo, kwa maana siku hiyo tangazo la ndoa yangu litasomwa kanisani mara ya pili, na sijui kama nitakuwa nimeketi ndani nikilisikiliza au nimejificha chini ya gari.

Mimi ni fundi wa magari hapa Tororo, jina langu Egesa, mzaliwa wa Lunyo, na miaka miwili iliyopita mhandisi mmoja Mzungu ambaye nilikuwa nikimtengenezea gari lake la mbio alirudi kwao, akaniachia gari hilo kwa karatasi yenye sahihi yake, gari la kijani la viti viwili, lisilo na paa, zuri ajabu, isipokuwa injini yake ilikuwa imepasuka ubavuni katika barabara ya Mbale na haikufaa tena hata kwa vipuri, nami nikaapa kwamba siku ya harusi yangu nitamtoa mchumba wangu Alupo, binti wa mzee Otai, mlangoni mwa kanisa kwa gari hilo.

Injini nilizoweza kupata ni mbili. Ya kwanza ni ndogo, ya silinda nne, kutoka gari la karani mmoja lililotumbukia mtaroni, nayo ni ya kiwanda kilekile, inaingia katika chesisi, yaani fremu ya gari, bila kukata chochote, ila haina nguvu nyingi, na Osire, kaka yake Alupo, alipoiona juu ya meza yangu aliniuliza mbele ya watu, "Shemeji, tukifika mlimani, bibi harusi atashuka asukume, au atatangulia kwa miguu atungoje juu?" Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichonipeleka kwenye injini ya pili.

Hiyo ya pili ni ya silinda sita, ya lori la marehemu kaka yangu Oguttu, aliyefariki kwa homa mwezi wa Desemba, akaacha mke, Teopista, na watoto watatu, na lori hilo alilokuwa akichukulia pamba ya Lunyo na Masafu kuipeleka kwenye kiwanda cha kuchambulia. Siku ya tatu baada ya maziko, Teopista akiwa ameketi mkekani pamoja na akina mama wa ukoo, nilichuchumaa karibu naye nikasema, "Shemeji, naomba injini ya lori," naye bila kunitazama akasema, "Chukua." Wiki iliyofuata nilikwenda na watu wanane, tukaing'oa, tukaifunga kwa minyororo kwenye mti wa kubebea, tukaibeba mabegani mchana kweupe kupitia katikati ya kijiji hadi barabarani, wabebaji wakiimba, wazee wakitutazama kutoka nyuani mwao, hata mama mmoja akapiga vigelegele, nami mjinga nikadhani anasifu nguvu zetu.

Jumatatu iliyopita baba mdogo Maloba, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu, alifika kazini kwangu na jogoo mwekundu kapuni, akaketi juu ya tairi, akasema, "Mwanangu, tumefurahi. Tulidhani mji umekuharibu."

Nikamwuliza, "Nimefanya nini, baba?"

"Umeikubali nyumba ya kaka yako. Anayetwaa chombo cha marehemu kabla ukoo haujakaa kugawa mali, huyo amejitaja mwenyewe kuwa mrithi wa mjane. Tumebakiza kukuketisha tu katika kigoda chake."

Spana iliniponyoka. Nilimwambia kwamba habari za kutwaa koti, mkuki au kigoda cha marehemu nazijua tangu utoto, lakini injini sikuwahi kuambiwa. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mwenye meno ya kizee, akasema, "Oguttu alikuwa na mkuki? Huyu alikula kwa lori."

Kesho yake nilipanda baiskeli hadi Lunyo, nikakuta uwanja umefagiwa, kigoda cha kaka kimewekwa mlangoni, na mtoto wake mdogo ananiita baba kwa sababu bibi yake amemfundisha. Teopista hakutaja ndoa. Alinipa maji, akaniuliza neno moja, "Lori litakwenda na nini?" nami sikuelewa kwa nini alikuwa akifikiria lori wakati kama ule, nikayanywa maji, nikaondoka.

Ijumaa nilikutana na Alupo sokoni, nikajaribu kumsalimu. Akasema, "Nasikia umekwisha kuoa, na mahari imebebwa na watu wanane kwa mti." Hakuwa akicheka. Akaongeza kwamba Jumapili, padri atakapouliza kama yupo anayejua kizuizi, hatasubiri mtu mwingine asimame.

Sasa jogoo amefungwa kwenye mguu wa meza yangu na anawika kutwa, injini kubwa iko sakafuni, msumeno u tayari, na chesisi nimeitia alama ya chaki mahali pa kukata ili injini hiyo ipate kuingia. Mshauri, nitie injini ipi?

Ni mimi,
Egesa, Tororo, Januari 1955.

MZEE OFWONO ANAJIBU:

Egesa, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimeisoma nikiwa nimesimama, maana kiti kilinishinda. Nimejibu barua za walevi, za wake wenza na za mtu aliyeuza kengele ya shule. Sijapata kumwona mtu aliyeposa kwa spana, kisha akauliza habari za silinda.

Kwanza nakupa pole. Umefiwa na kaka, na msiba huondoa akili hata kwa wenye nayo. Kuishi katika kelele za mji si kosa lako. Najua pia kwamba hukuwa na nia mbaya. Lakini pole yangu inaishia hapo.

Unasema Teopista alikupa ruhusa. Hakukupa. Ulimwomba mjane wa siku tatu, akiwa mkekani, amezungukwa na wanawake wa ukoo wako, wewe ukiwa ndugu wa marehemu. Mwanamke aliye katika hali ile hamnyimi shemeji yake kitu. Ungaliomba mlango wa nyumba, angalisema chukua. Neno lile halikuwa ruhusa, lilikuwa adabu. Ulipaswa kungoja, au kumtuma shangazi yako amwulize faraghani.

Kisha unaniandikia kwamba hukuelewa swali lake. Egesa, katika barua yako yote hilo ndilo swali la pekee lenye akili. Huu ni mwezi wa pamba. Magunia yamejaa katika nyua za Lunyo, na lori limekaa bila moyo. Angaliweza kumweka dereva na kuwalisha watoto wake bila kurithiwa na mtu yeyote. Wewe uliutwaa mkono wake wa kulia, ukoo ukaona huruma, ukaamua kwamba aliyeutwaa na amlishe. Katika hilo siwezi kuwalaumu wazee wako. Hakukuuliza utamwoa lini. Alikuuliza atakula nini. Nawe ulikunywa maji yake ukaondoka.

Uliniuliza pia kama fundi, nami si fundi, kwa hiyo nilimpelekea barua yako mtu aliyetengeneza malori ya jeshi wakati wa vita. Alicheka kwanza, kisha akakasirika. Anasema injini ile itaizamisha pua ya gari, usukani utakuwa mzito kama jembe katika udongo mbichi, na breki zilizofanywa kwa gari jepesi hazitaizuia. Injini ya lori ni maksai: huvuta, haikimbii. Ukiikata chesisi, utakuwa umeharibu magari mawili na nyumba mbili kwa ajili ya mzaha mmoja wa shemeji yako.

Basi weka msumeno chini, ufute ile chaki. Jogoo usimchinje, wala usikubali mtu amchinje kwako. Ukimla, utakuwa umeukubali urithi, na hata mimi sitaweza kukutetea. Mrudishe kwa Maloba akiwa hai, kwa mikono miwili, umwambie, "Baba, nilitwaa kwa ujinga, sikutwaa kwa kurithi." Mpigie magoti. Atakutukana. Nyamaza mpaka amalize.

Kisha uirudishe injini, wala usiirudishe kwa siri. Ilitoka mchana, na irudi mchana. Watafute wale watu wanane, na mti uleule, mpite njia ileile, na safari hii wasiimbe. Uifunge katika lori kwa mikono yako, bolti kwa bolti, wazee wakitazama. Uiwashe, uiache ingurume mpaka mzee wa mwisho ageuze shingo. Hapo uizime, umkabidhi Teopista ufunguo mbele yao wote, useme kwa sauti kwamba chombo hiki ni cha nyumba hii, na kwamba wewe ni shemeji yake na fundi wake. Baadaye wazee wakimwuliza anataka kuishi na nani, na ajibu mwenyewe, akiwa ameketi juu ya kiti, asiwe mkekani.

Nenda na Alupo, pamoja na Osire. Usimweleze Alupo lolote njiani, mwache aone. Hayo yote yafanyike kabla ya Jumapili, kwa hiyo barua hii ikikufikia, usimalize chai.

Injini yako ni ile ndogo. Na mlima ukiishinda siku ya harusi, atakayeshuka kusukuma ni wewe, katika suti yako, mbele ya Osire. Bibi harusi atakaa.