Mtoto wa Jicho la Shangazi

Ruhuwiko,
Songea.
24 Julai, 1994.

Mpendwa Kaka Kajetani,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe, wifi Stumai na watoto, na kwamba joto la Mwanza halijawasahaulisha baridi ya kwetu. Mimi naandika nimevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Mgongo wako unaendeleaje? Ulilalamika sana katika barua ya Pasaka. Sisi huku hatujambo, na mahindi yameshaingia ndani.

Najua umesikia kwamba nimepunguzwa kazi pale ushirika, na najua umenionea huruma. Acha huruma, Kaka. Mwezi huu nimefanya kazi isiyo na mshahara, na sijawahi kutembea kifua mbele namna hii tangu nizaliwe.

Paroko alitangaza kanisani kwamba madaktari wa macho wanakwenda kuweka kliniki ya siku sita kule kijijini kwetu, anakoishi Shangazi Imaculata, na wanatafuta watu wa kujitolea wanaojua kuandika na kusema Kingoni. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Unakumbuka ulivyonicheka kwamba Kingoni changu hakitanifikisha popote? Basi kimenifikisha, tena nimekaa mbele na dereva.

Wajua Shangazi ana mwaka wa tano haoni. Mwanamke aliyetulea sisi wawili tangu mama afariki alikuwa anautafuta mlango wake kwa kupapasa ukuta. Nasema kweli, sikwenda kwa ajili ya kijiji kizima. Nilikwenda kwa ajili yake.

Tulipewa madarasa mawili, kwa kuwa wanafunzi walikuwa likizo. Daktari Selestine, mkubwa wa msafara, akaniambia niandike tangazo. Nikaona hapo ndipo pa kuonyesha Kiswahili changu cha ofisini. Nikaandika: "Wenye mtoto wa jicho wote wafike shuleni ili atolewe." Mzee Beda, mjumbe, akalisoma kila kitongoji.

Siku ya kwanza wakaja wenye kikohozi, wenye malaria, na mmoja mwenye jino. Wa macho hakuja hata mmoja. Siku ya pili vilevile. Daktari akasema ikifika kesho saa sita mchana bila mtu, watafunga vifaa waende kijiji kingine. Na Shangazi mwenyewe alikuwa amejifungia ndani.

Nikaenda kumbishia hodi. "Wewe Noela," akaniambia kwa ndani, "mimi sioni, lakini mtoto yumo. Mkimtoa huyo nitabaki na nini?"

Hapo nikaelewa, na aibu ikanishika. Sisi wa mjini tukisema mtoto wa jicho, tunasema ule ugonjwa wa ukungu. Kwa wazee wa kule, mtoto wa jicho ni yule mtu mdogo unayemwona ukichungulia katikati ya jicho la mwenzako, na huyo ndiye anayetazama. Kumbe mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, nimewaita waje wang'olewe kuona kwenyewe. Wengine walishasema walanguzi wamenunua mahindi, wamenunua ufuta, sasa soko huria limeleta gari jeupe kununua macho ya wazee.

Nikakaa chini pale mlangoni, nikaacha Kiswahili. Nikamwambia kwa Kingoni kwamba uji ukipoa hufanya utando juu. Sisi tunaondoa utando, uji hatumwagi. Kisha nikasikia komeo.

"Sasa kwa nini hukuandika uji?" akauliza.

Tukazunguka na Mzee Beda nyumba kwa nyumba, jioni hiyo na asubuhi yake, mimi na uji wangu. Ilipofika saa nne walikuwa ishirini na saba, wameshikana mabega na kujitanda mablanketi. Shangazi alidai awe wa kwanza. Alisema akifa, wengine wapate nafasi ya kurudi nyumbani.

Kesho yake Daktari akamfungua bandeji. Nilikuwa nimesimama mbele yake na koti jeupe la kuazima, sisemi neno. Akapepesa. Akanitazama kuanzia miguuni hadi kwenye hizi mvi zangu, ambazo hakuwahi kuziona. Kisha akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mama," akasema.

Kaka, nililia. Shangazi wa miaka sabini ananiamkia mimi! Sikuthubutu kuitikia marahaba. Nikasema tu, "Ni mimi, Shangazi." Alipoisikia sauti akanivuta, akazishika nywele. "Mwanangu, nani amekuzeesha hivi nikiwa sipo?" Darasa zima likacheka, hata wenye bandeji.

Walipasuliwa watu thelathini na mmoja. Daktari Selestine ameniomba niende nao tena mwezi ujao, na tangazo niandike mimi, ila safari hii niliandike kwa uji. Najivuna, Kaka, na sitaki kulificha hilo.

Shangazi niko naye hapa Ruhuwiko mpaka amalize dawa ya matone. Nilimwonyesha picha yako ya Krismasi. Akaishika mbali, akaishika karibu, akanirudishia. Anasema karatasi si mtu, na miaka kumi na moja hujakanyaga nyumbani.

Mwanangu Saimon anakuamkia, na Mzee Beda anakukumbuka. Mpe wifi Stumai salamu zangu, na watoto uwabusu. Mungu awalinde huko mliko, na awafungulie njia ya kuja kusini.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Noela

Nilikuwa nimeshakunja barua, Shangazi akaninyang'anya kalamu. Unakumbuka alijifunza kuandika ukubwani, kwenye darasa la ngumbaro, na tangu macho yazibe hajaandika neno. Herufi hizi ni zake, sikumshika mkono:

KAJETANI NJOO NIKUONE