Tembo wa Babu Zefania

Mgori,
Singida Vijijini.
14 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Peniel,

Shikamoo zako za kwenye simu nimezipokea, marahaba sana. Ila simu ina tabia ya kukatika maongezi yanaponoga, ndiyo maana mimi shangazi yako nimeshika kalamu. Hujambo huko Kanada? Baridi imeshaanza kuuma? Sisi ni wazima. Bibi yako Martha magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Alizeti tumeshakamua, na dumu lako lipo.

Sasa lile jambo la sarafu ya Bibi. Uliposema iende Marekani kwa wataalamu wanaopima sarafu, waipe alama ya ubora na kuifungia kwenye kiboksi cha plastiki, na kwamba gharama utabeba wewe, nilisema tusikurupuke. Nikamtafuta kwanza Mzee Chediel wa Singida mjini, anayekusanya sarafu za zamani, atuambie kama gharama hiyo ina maana. Bibi akagoma kuachwa nyumbani.

Unajua kwa nini. Baba yake, Zefania, alirudi nayo kutoka Tabora wakati wa vita vya Wajerumani, akasema ni ujira wake, tena ni dhahabu. Watu wakamcheka: tangu lini mpagazi akalipwa dhahabu? Wakasema ameokota kifungo cha koti la askari. Alikufa akiitwa mwongo. Bibi amekua akiitwa Binti Kifungo, na katika ukoo wetu, tunaorithishana majina ya babu zetu, hakuna Zefania hata mmoja.

Basi nami nikaharibu. Asubuhi ya safari niliisugua sarafu kwa majivu na limao mpaka ikameremeta. Ningeipelekaje kwa watu ikiwa chafu? Hata mtoto anayekwenda hospitali huogeshwa kwanza. Mzee Chediel alipoiona alishika kichwa.

"Mama, nani kaisugua hii?"

Nikatazama dari.

Alitueleza kwamba wapimaji hawaisamehe sarafu iliyosuguliwa. Wataandika kuwa ni halisi lakini imesafishwa, basi, alama haipati. Anayeuza bado anaweza kufaidika, maana wanunuzi wa mbali hukiamini kile kiboksi. Asiyeuza atakuwa amelipia plastiki. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini Bibi alikuwa ameshika neno moja tu. "Umesema halisi?"

Mzee Chediel akaiweka kwenye mizani, akafungua kitabu chake cha picha, akalinganisha pande zote mbili. Akasema hana shaka, ni dhahabu halisi. Kisha akatupatia lenzi ya kukuzia.

Peniel, sijui nikuandikieje. Nilimwona tembo, mkonga juu, kama anaita wenzake! Nyuma yake mlima, chini mwaka 1916, na herufi T ndogo ya Tabora. Kitu kidogo kuliko kifuniko cha soda, na ndani yake mnyama mzima na mlima mzima. Zilitengenezwa pale pale, alisema, kwenye karakana ya reli, vita vilipozuia fedha za Ulaya kufika. Babu yangu alitembea na maajabu haya mpaka Mgori, akawaambia watu ukweli, wakacheka.

Bibi aliishikilia lenzi muda mrefu, machozi yakidondokea kitabu cha watu. Hatimaye akasema, "Hao wa Marekani wasisumbuke. Waliomcheka baba yangu walikuwa wa hapa hapa Mgori."

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, akawaita watu pale nje, na lenzi ya kuazima mkononi. Wa kwanza alikuwa Mzee Philipo, ambaye babu yake ndiye aliyeanzisha hilo jina la Kifungo. Alichungulia, akavua kofia. Sijawahi kuona watu wetu wakipanga foleni kwa ukimya namna ile.

Binamu zako Dorkas na Urbano wanakusalimu, na shangazi yako Rebeka anauliza utakuja lini. Msalimie sana mkeo Faith. Mama yako amenidokeza kwamba Faith anatarajia mtoto, nami nimeruka kama ndama! Mungu awatunze nyote watatu.

Zile fedha za kupimia sarafu, Bibi anasema mnunulieni mtoto nguo nzito. Na akiwa wa kiume, msihangaike kutafuta jina. Anaomba aitwe Zefania.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye bila kuchoka,
Eliana