Mama, Nilimwombea Elia na Hakutoka Hai

Mpendwa mama,

Elia amefariki. Naanza na hilo kwa sababu kila nikijaribu kuanza na salamu, kalamu inagoma. Mume wangu, yule uliyemwita "mwanangu" siku ya kwanza tu alipokuja kujitambulisha kwetu Itigi, tulimzika mwezi wa kumi, mvua zikiwa bado. Wewe ulitutangulia kabla yake, kwa hiyo hakuna aliyekupa habari. Nakupa mimi, na nina ugomvi na wewe.

Unakumbuka baba alipopotea porini? Yeye na jirani yetu, mzee Hamisi, walikwenda kurina asali, safari ya siku tatu. Siku ya nne mzee Hamisi akarudi peke yake, uso umevimba hadi macho hayaonekani, akakaa chini mlangoni kwetu.

"Mama Esta, nyuki walitufukuza, kila mtu akashika njia yake. Nimemwita mpaka sauti imekauka."

Nilisubiri upige yowe. Hukupiga. Ulimpa maji. "Kunywa kwanza, shemeji. Halafu utaniambia mlipoachania." Kisha ukapiga magoti pale pale vumbini, ukamwambia Mungu kwa sentensi moja kwamba mume wako yuko mkononi mwake. Ukainuka, ukajitwika dumu la maji, ukachukua panga, ukaondoka na mama mdogo Raheli na wanaume wawili wa jirani. Mimi ukaniambia, "Uji upo jikoni. Mungu analinda. Mwangalie mdogo wako."

Mlirudi kesho yake jioni. Baba alikuwa kwenye machela ya miti, mguu umevunjika, midomo imepasuka kwa kiu, lakini mzima. Akaishi mpaka uzee. Tangu siku ile nilijua, kama ninavyojua kwamba jua huchomoza, kwamba anayepiga magoti kama wewe hapotezi mtu. Ndiyo imani niliyokuja nayo huku Ikungi nilipoolewa.

Elia alikuwa anachimba kisima kando ya korongo, cha kumwagilia vitunguu. Kilishafika kina cha watu wawili. Asubuhi ile nilimpelekea chai na viazi, akaniita kutoka chini, "Esta, udongo umeanza kulowa! Kesho tunakunywa!" Nilikuwa sijafika nyumbani niliposikia kelele. Kingo zilikuwa zimeporomoka.

Walichimba, mama. Jirani yangu, Mama Zaituni, alifukua kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, huku akiomba dua kwa dini yake. Mimi nilipiga magoti vumbini kama wewe, nikasema maneno yako yale yale. Nilikuwa na hakika. Hata nilimtuma mtu nyumbani alete shuka kavu, ili Elia akitoka tumfunike asipate baridi. Shuka lile ndilo tulilomfunika nalo uso.

Baada ya maziko watu walisema yale ya kusemwa. Mmoja akaniambia Mungu alimpenda zaidi. Nikamjibu, "Basi angempenda kidogo." Tangu hapo nikawa siwezi kukaa. Nilikuwa naosha vyombo vilivyo safi. Nilikwenda kanisani, nikasimama mlangoni, nikarudi kabla ya mahubiri. Magoti yalikataa kukunjika. Na nilikuchukia kidogo, mama, unisamehe. Nilisema moyoni, mama alinidanganya.

Kisha mama mdogo Raheli akaja kukaa nami. Siku moja tulikuwa tunachambua mboga ya mlenda, nikamwambia kwamba mimi si kama wewe. Wewe uliomba mara moja, ukatulia.

Akaacha kuchambua. "Alitulia nani? Nilitembea naye siku ile. Tulipoipita nyumba ya mwisho tu, alianza kugombana na Mungu kwa sauti, kwa Kinyaturu, mpaka wale wanaume wakaona aibu wakatangulia. Alimwambia, 'Daudi ulimchukua nikanyamaza. Leo sinyamazi!'"

"Daudi gani?"

Akausukuma mlenda kando. "Hakukuambia? Kaka yako. Surua. Alikufa mgongoni kwa mama yako, njiani kwenda hospitali, naye anaomba."

Mama. Maisha yangu yote nilijua mimi ni kifungua mimba. Nimekumbuka sala zetu za jioni: mkono wako kichwani kwangu, kisha kwa mdogo wangu, kisha unabaki hewani kidogo kabla ya amina. Nilidhani umechoka tu.

Kwa hiyo siku ile ulijua. Ulijua kwamba magoti hayamfungi Mungu kamba, ukayapiga hata hivyo. Mbona hukuniambia? Labda ulitaka mtoto akae na imani ya mtoto kwa muda. Mimi nimekaa nayo mpaka ukingoni mwa kisima, na pale haikutosha.

Sijapata amani, sitakudanganya. Ila nimeanza kuomba tena, nikitembea uani, kwa sauti, kwa Kinyaturu, hadi kuku wananikimbia. Mvua zilipoanza nilikwenda shambani nikawakuta Mama Zaituni na wanawake wa kanisani wameshapanda alizeti yangu nusu ya shamba. Nikakaa kwenye tuta, nikalia mpaka nikachoka, kisha nikaomba jembe. Kama huo nao ni ulinzi wa Mungu, si ule niliomwomba. Lakini umenishika.

Kisima kile kilifukiwa. Wanakijiji wamechimba kingine ng'ambo ya korongo, kimejengewa kwa mawe kutoka chini hadi juu. Nimekuwa nikimkataza Naomi, mjukuu wako, hata kukisogelea. Leo asubuhi alichukua ndoo, akasimama mbele yangu. "Mama, wenzangu wote wanakwenda. Mpaka lini?" Nikamwambia aende.

Barua hii nimeiandika nikiwa nimesimama dirishani. Kila mstari nimeinua kichwa kutazama njia. Nimemwambia Mungu: huyu ni wako, lakini ni wangu pia, mtunze, na ukimchukua sitanyamaza. Mama mdogo anasema hayo ndiyo maombi yenyewe. Nami nimemtuma mtoto, mama. Nisingeweza kumtuma kama nisingemwamini Mungu hata kidogo.

Nisalimie baba. Nisalimie Elia. Na Daudi, mwambie dada yake amesikia habari zake, amechelewa tu.

Naomi yule anatokea kwenye kona, ndoo kichwani, amelowa mpaka mabegani. Acha niende nikampokee.

Binti yako, mtoto wa pili,
Esta