Picha ya Bibi Somoe Niliyoifuta

Jumapili, nyumbani Shangani. Joto la mwezi wa kumi na moja, mvua bado. Nimeoga mara mbili na bado nahisi mwilini vumbi la Mahurunga, kijijini kwa bibi.

Nina huzuni ambayo sijui niipeleke wapi, ndiyo maana naandika.

Nasoma historia ya mavazi chuoni, Dar. Muhula uliopita mwalimu alituonyesha picha kwenye projekta: magauni ya malkia wa Ulaya, kila moja na jina la aliyelivaa. Kisha ikaja picha ya mwanamke mwenye ndonya, kile kipande cha mti cha mviringo ambacho bibi zetu walitogwa mdomo wa juu ili wakivae. Chini yake paliandikwa tu: mwanamke wa Kimakonde. Darasa likacheka.

Mimi sikucheka. Bibi yangu mzaa mama alivaa ndonya.

Mwalimu hakukipenda kicheko kile. Akatupa kazi ya likizo: kila mmoja aandike historia ya mavazi ya mtu ambaye vitabu vimemwacha. Nikajua palepale nitamwandika nani. Nilitaka darasa lilelile liuone uso wake, na lisome jina lake. Somoe.

Mama hakutaka. "Unakwenda kumwanika mama yangu wakamcheke tena?" Akaniambia, bila kuniangalia, kwamba alipokuwa shule ya msingi alimwomba bibi asikanyage shuleni kwao. Na bibi hakukanyaga.

Nikaenda hivyohivyo leo asubuhi, kwa bodaboda.

Bibi nilimkuta barazani anamenya mihogo. Tangu nimjue, akiongea na watu hushika ncha ya kanga mbele ya mdomo, kuficha tundu lililobaki. Ndonya yenyewe haipo. Babu aliitupa zamani, walipoanza kuambiwa kuwa ni ushamba. Nikamweleza kazi ya mwalimu, na picha ninayotaka kumpiga. Nikamwambia na maneno ya mama, na kwamba akikataa sitamlaumu.

Akauweka muhogo chini.

"Nipige," akasema. "Mie nilikuwa mzuri. Wanaume walikuwa wananifuata mpaka mtoni."

Akaingia ndani, akatoka amevaa doti mpya ya kanga. Akakaa wima, akaishusha ile ncha. Sijawahi kumwona amekaa vile. Nikapiga.

Akaomba aione. Nikamsogezea simu karibu na macho, akaitazama kwa muda.

"Huyu nani?"

"Wewe, bibi."

"Hapana. Yule mwenye ndonya yuko wapi?"

Nadhani alitarajia simu imtoe msichana yule aliyefuatwa mpaka mtoni. Badala yake alimwona kikongwe mwenye tundu mdomoni, yuleyule ambaye watu wamekuwa wakimwona miaka yote hii. Akaivuta kanga, akajifunika.

"Ifute, mjukuu wangu. Usiwapelekee huyu."

Nikaifuta mbele yake. Akarudi kwenye mihogo yake, nami nikachukua kisu nikamsaidia. Hatukuigusa tena habari hiyo mpaka naondoka.

Nilidhani nakwenda kumrudishia kitu.

Nilipofika nyumbani mama aliniuliza kama bibi alikubali. Nikamwambia alikubali, halafu akaiona picha, akataka niifute. Mama akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akikunja nguo zangu ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Kisha akasema wiki hii atakwenda Mahurunga. Hakusema anakwenda kufanya nini, na mimi sikuuliza.

Kazi ya mwalimu bado inanisubiri. Naweza kuiandika bila picha. Naweza kuandika kwamba alikuwa mzuri, kwa sababu amesema mwenyewe, na wa kumbishia hayupo.

Lakini aliposema nisiwapelekee huyu, alimaanisha picha tu, au alimaanisha yeye mwenyewe, hata kwa maandishi?

Nitarudi kumuuliza kabla likizo haijaisha. Naliogopa jibu lake.