Sketi Niliyoshona kwa Suruali ya Harusi

Jumamosi jioni, Iringo, Musoma.

Mvua imekatika lakini joto limebaki palepale. Nimerudi kutoka Butiama na sijabadilisha nguo. Naandika nikiwa hivi hivi, pindo lina matope ya nyumbani kwetu.

Leo tumemzika baba.

Wamemzika. Niseme ukweli.

Kwanza habari ya nguo. Miezi mitano iliyopita nilikuwa Bunda, bodaboda niliyopanda ikagongana na lori la pamba. Paja la kushoto lilivunjika. Mpaka leo lina vyuma vinne vilivyochomoza nje, vimeshikwa na chuma kimoja kirefu. Hakuna suruali wala kaptula inayopita hapo. Shuka nilijaribu, ila mtu wa magongo mawili hana mkono wa kushikia shuka. Langu liliwahi kuanguka mbele ya manesi.

Wodini nililala jirani na Mafuru, mvuvi, naye ana vyuma kama vyangu. Ndiye aliyenifundisha. Unachukua suruali ya zamani, unafumua mshono wa ndani wa miguu yote miwili, unakata chini ya magoti, halafu vile vipande ulivyokata unavipasua na kuvijazia katikati, mbele na nyuma. Zipu na mifuko unaviacha. Mafuru alikuwaga anashona nyavu, sindano haikumpa shida. Baada ya wiki mbili tulikuwa wanaume watatu wenye sketi wodini, tunazunguka na magongo, na hakuna aliyecheka.

Nilisahau kwamba nje kuna watu.

Juzi nilipopigiwa simu kwamba baba amefariki, nilitoa suruali nyeusi niliyofungia ndoa. Nilishona kutwa nzima. Mke wangu, Bhoke, aliipiga pasi. Nilipoivaa na shati jeupe nilijitazama kwenye kioo, nikaona nimependeza. Hilo sijamwambia mtu.

Nilikwenda peke yangu, Bhoke alibaki na mtoto anayeumwa. Kaka yangu mkubwa, Wambura, alinipokea kabla sijafika kwenye turubai. Aliangalia chini, akaniangalia usoni.

"Ndiyo umekuja hivyo?"

"Suruali haiingii, kaka. Unajua."

"Mimi najua. Hawa hawajui. Wakwe wapo, padri yupo, wazee wote wapo. Hii wataisemaga mpaka tunazeeka, kwamba mtoto wa mzee alikuja kuzika na sketi."

"Sasa nifanyeje?"

"Kaa chumbani kwa mama. Nitakuita tukimaliza."

Hakunifokea. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. Angenitukana labda ningebisha. Lakini nilichosikia moyoni, Mungu anisamehe, ni nafuu. Niligeuza magongo nikaingia kupitia mlango wa nyuma.

Kule ndani nilisikia kila kitu. Nyimbo, mahubiri, sauti ya majembe. Kisha msemaji akaanza kuwaita watoto wa marehemu waweke udongo. Akamwita Wambura. Mimi ni wa pili. Akataja jina langu.

Nilisimama. Nilifika mpaka mlangoni, nikashika komeo.

Akataja tena.

Kwenye upenyo wa mlango niliwaona wanafunzi wangu kutoka Bugwema, wamevaa sare, wamekuja kumpa pole mwalimu wao. Nikajiangalia miguuni. Nikakaa. Msemaji akaita jina la dada yetu, na shughuli ikaendelea.

Kwa hiyo siwezi kusema ni kaka. Kaka aliniambia nikae chumbani, lakini mlango haukufungwa kwa nje.

Baadaye mama aliingia kuchukua kanga nyingine, akanikuta kitandani kwake. Alishtuka.

"Kumbe upo?"

"Nipo, mama."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

Alikaa karibu yangu, taratibu, kama mtu aliyechoka magoti.

"Walipokuita ukawa huonekani, niliwaambia wale akina mama kwamba barabara imeharibika na mvua. Nikasema mwanangu yuko njiani. Nilikuwa nakutafuta kwa macho mpaka wamemaliza kufukia."

Akaishika sketi, akapapasa mshono kwa kidole gumba.

"Ni kwa ajili ya hii?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Mama aliiachia, akanyanyuka akarudi kwa wageni. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kaka hakuja kuniita. Nadhani alisahau. Niliondoka kwa gari nililokodi bila kufika kaburini, kwa sababu watu walikuwa bado wamekaa pale, na mimi nilikuwa yule yule wa asubuhi.

Njia nzima nimejiuliza kitu kimoja. Mama angeingia mapema, udongo ukiwa bado haujarudishwa, akanishika mkono akasema twende, ningetoka?

Bhoke ananiita nikale. Bado nalitafuta jibu lingine, tofauti na hili nililonalo.