Aliyesimama Mlangoni kwa Bibi Nakijwa

Dokta Namsifu,

Shikamoo. Najua, najua. Ungenitishia na kile kitochi chako cha kupimia macho: "Zakayo, usinizeeshe, tumepishana miaka kiduchu tu." Lakini marehemu ni mkubwa kwa wote, kwa hiyo leo utaitikia marahaba utake usitake.

Ni mimi, bodaboda wako, kidato cha pili kasoro mtihani, kijana mtanashati kuliko wote pale kijiweni Same. Anayebisha aje tupimane. Nakuandikia kwa sababu tangu lile gari la tangawizi lishuke nawe bondeni, kwenye kona ya chini ya Mhezi, sina wa kumtania. Na nikutanie hapohapo: siku ile ya mvua uliikataa pikipiki yangu. "Hicho ni kijeneza cha magurudumu mawili," ulisema, ukapanda mbele kwa dereva, ukanipungia mkono. Haya. Nani mjanja?

Samahani. Nilidhani itanichekesha.

Habari za kazini. Wameleta daktari mwingine wa macho, mwanamume, mpole, ana kitambi cha heshima. Unajua kinachoniudhi? Hakuna anayemuuliza daktari yuko wapi. Wewe walikuuliza kila kijiji. Unamkumbuka yule mzee wa Makanya? Umeshampima jicho la kwanza, ananigeukia mimi niliyeegemea pikipiki na helmeti kichwani: "Daktari, huyu binti wako mikono yake ya baridi." Nikamjibu, "Mvumilie mzee wangu, bado anajifunza." Ulicheka pale, lakini kicheko kiliishia tulipoishika lami. Ndipo uliposema: "Hawa hawaogopi upofu, Zakayo. Upofu wameuzoea. Wanaupa kigoda, fimbo na mjukuu wa kuuongoza, na mjukuu anaacha shule. Wanachoogopa ni kisu. Na kikishikwa na mwanamke, basi tena." Nilijifanya nasikiliza injini. Nilikusikia.

Sasa nikwambie lililonishikisha kalamu. Bibi Nakijwa.

Yule wa Mhezi, nyumba ya mwisho kabla ya mpungi, ule msitu ambamo zamani waliweka mafuvu ya wazee wao kwenye vyungu, na mpaka leo hata wanakwaya wa Kilutheri hawakati kuni humo. Mtoto wa jicho macho yote mawili, meupe kama maziwa mgando. Siku ya kwanza tulimkuta amepanga vigoda uani, anakaribisha wageni. "Kaeni, kaeni jamani." Vigoda vitupu. Mimi, simba wa Same, nikarudi kwenye pikipiki kuangalia mafuta. Wewe ukajikalia. "Hapo pana mtu, mwanangu," akakwambia. Ukamwomba radhi mtu huyo, ukahamia kigoda kingine.

Alisema wanakuja mchana, ukungu unapopanda kutoka bondeni. Hawasemi. Hawapepesi macho. Wamevaa vizuri, na wengine kimo chao hakizidi mtungi. Njiani ukanieleza kwamba hilo linajulikana kwenu madaktari: jicho likikosa cha kuona, akili inajichorea yenyewe. Si uchawi wala wazimu. Ukiondoa mtoto wa jicho, na wageni wanaondoka. Ulitaka kumshusha Same apasuliwe, yeye akasema atakwenda kwa wazee wake na macho aliyozaliwa nayo. Ukamjibu jibu lililomfanya mwanawe, Elisante, ateme chai: "Bibi, wazee wako kule kwenye vyungu ni mafuvu, macho hayamo. Mbona mnasema wanawaona?" Bibi alicheka sana. Lakini hakukubali, na masika hayajaisha ukafa.

Nilipanda kumpa taarifa. Nimemwamkia tu, sijafungua mdomo, akasema, "Wameongezeka. Kuna mwanamke, kijana. Anasimama mlangoni, haingii. Miguu yake ina matope."

Dokta, nilikitazama kizingiti. Wewe ndiye uliyekuwa huingii nyumbani mwa mtu na matope hata ukikaribishwa mara ngapi. Najua utakavyosema: habari ya kifo chako kijiji kizima walikuwa nayo, na Bibi masikio anayo. Sawa. Mimi nikaanza kupanda Mhezi kila nikipata abiria wa huko, na nisipompata nilipanda peke yangu. Nakaa uani, nauliza, "Yupo, Bibi?" "Yupo." Basi naugeukia ule mlango, namwaga habari. Kwamba mama yako ameacha kwaya. Kwamba mjukuu wa yule mama tuliyempeleka akapasuliwa amerudi darasani. Na lile jambo ambalo siku zote nilitaka kukwambia nikaishia kukutania, nalo nililisema, kwa sauti, mbele ya mlango usio na mtu. Ukungu unaingia, unatoka. Bibi anatikisa kichwa kama vile mnanisikiliza wawili.

Kumbe jirani, Mama Joeli, anatuangalia. Mtoto wake alipata degedege baada ya kukatiza uani pale, na Mama Joeli akasema mtoto amekalia kigoda cha mtu. Maneno yakapanda mlima, yakashuka. Halafu Elisante, mtoto wa kuzaa, akasimama mbele ya ukoo: "Kama mama haoni, anaongea na nani?" Wakakubaliana ashushwe Makanya, kwenye kibanda cha ukoo kilicho peke yake kule upande wa machimbo ya jasi, akakae huko mpaka Mungu amchukue. Kipofu, peke yake, jua lile. Huko si kuhamishwa, Dokta. Ni kuuawa kwa adabu.

Daktari mpya alikuwa anapasua juma hilohilo. Nikamfuata Elisante, nikamwambia kaka, niachie mimi nimpeleke kwanza. Akanitazama toka kwenye helmeti mpaka ndala. "Mchukue. Akirudi bado anakaribisha vigoda, Makanya."

Ikabaki Bibi. Ikabaki na mimi pia. Maana akifunguliwa macho, mlangoni pale hatasimama mtu tena, na mimi nitakusalimia wapi? Nilizunguka ule ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho nikamweleza yote, la Makanya nalo. Akauliza, "Nikifunguliwa, mjukuu wangu, hawa watakwenda wapi?"

Anamuuliza nani? Mimi! Nikasema, "Muulize huyo wa mlangoni."

Akageuza uso. Kuku waliacha kuchakura. Ukungu ulikuwa umefika kizingitini umesimama, kama unaosubiri kukaribishwa. Bibi akasema polepole kwamba yule, ambaye hajawahi hata kusogeza kidole, ameinua mkono. "Anaonyesha pikipiki yako."

Tulishuka. Kwenye kona yako pikipiki ikawa nzito, ikalalia nyuma kana kwamba nimepakia mishikaki, abiria wawili nyuma. Nikapiga kelele, "Bibi, usiniegemee!" Akasema, "Nimekushika shati kwa vidole viwili." Sikugeuka. Tulipoimaliza kona ikawa nyepesi. Utasema ni klachi. Nimeipeleka kwa fundi. Klachi nzima.

Asubuhi ya pili wakamfungua bandeji. Wa kwanza kumwona ni mimi. Akanikazia jicho lile jipya. "Zakayo ndiye wewe? Kwa maneno yale nilidhani ni mtu mrefu." Manesi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi na nesi huyo hatusalimiani.

Nilipomrudisha Mhezi ukoo wote uko uani, wanasubiri. Elisante akamwinulia vidole amhesabie. "Shusha mkono," mama akamwambia, "kafue hiyo kola kwanza." Mama Joeli alikuwa nyuma ya watu, mtoto mgongoni. Bibi akamwendea moja kwa moja, watu wakimpisha, akamwangalia mtoto. "Ana tongo huyu. Niletee maji nimnawishe." Mama Joeli akasimama pale kama mti. Halafu akaenda kuchota. La Makanya halijatajwa tena. Vigoda alivirudisha ndani Elisante mwenyewe, kimoja kimoja, kwa haraka kidogo, na nilimwona akizunguka kile cha karibu na mlango kabla hajakigusa.

Nilisubiri waondoke. Nikatoa simu, nikafungua picha yako, umevaa helmeti yangu kinyumenyume, unacheka.

"Bibi, huyu hapa. Wa mlangoni."

Akaishika mbali, akaisogeza, akaitazama mpaka kioo kikazima. Nikakiwasha tena.

"Mzuri," akasema. "Lakini huyu simjui. Siye aliyekuwa anasimama pale."

"Basi ni nani?"

Akautazama mlango wake, mtupu, ukungu ukipita.

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyekuwa unaongea naye kama mtu wako."

Basi, Dokta. Yote niliyokwambia pale hukuyapata. Umekufa sawasawa, kama msomi, bila kurudirudi. Na kuna mtu, sijui nani, aliyesikia kwamba nilikupenda kabla wewe hujasikia. Ndiyo maana naandika, lifike mara hii kwa mwenyewe: nilikupenda. Nimemaliza. Usijibu.

Sitakwenda tena kukutafuta kwenye milango ya watu. Ahadi yangu ni hii: huko kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu kuna mvuvi mkongwe, macho meupe, anasema kisu hakigusi jicho lake. Nitamshusha Same hata kama nitamfunga kamba kwenye kiti kama gunia la perege. Baada yake mwingine. Na kila nitakayemshusha nitamweleza daktari wa kwanza alikuwa nani, na alikuwa na mikono gani.

Lala salama, Dokta Namsifu. Na huyo wa mlangoni, kama unamfahamu huko mliko, mwambie Zakayo amemshukuru kwa ule mkono. Lakini asinifuate kuja kuipokea shukrani.

Zakayo